Magari Yaliyoegeshwa kwa Ajili ya Demi

Demi Podmore alipomwambia mwalimu wake wa kidato cha mwisho kwamba anakwenda kusomea shahada katika mkahawa wa baga, mwalimu alidhani anafanyiwa mzaha. Alicheka kidogo, kisha akaona binti hacheki, naye akaacha.

"Unamaanisha utafanya kazi huko huku ukisubiri chuo," alisema.

"Hapana, mwalimu. Hicho ndicho chuo chenyewe."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Siku nne za juma Demi alivaa fulana ya kijivu na kofia ya kazi, akasimama baina ya vikaango na dirisha la magari, katika mkahawa ulio kwenye mzunguko wa barabara ya kuingia Burslem, mtaa wa jiji la Stoke. Jumanne alivaa nguo zake mwenyewe akaenda chuoni kusoma uhasibu, sheria za ajira na uongozi wa watu. Ada ililipwa na kampuni, mshahara uliingia kila mwezi, na mwisho wa safari angevaa joho sawasawa na wenzake waliokwenda Leeds na Liverpool. Wanafunzi wa aina hii huitwa wanagenzi wa shahada. Bogdan, mpishi wa baga, alimwita Profesa wa Chipsi.

Mama yake, Lorraine, kazi yake ilikuwa kubandika mishikio ya vikombe katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Alikuwa mtu wa kwanza kujivunia masomo ya binti yake na wa mwisho kuyaelewa. Kwa msusi wake alisema, "Demi anasomea umeneja," na msusi alipouliza umeneja wa nini, Lorraine alisema maji ya kuoshea nywele yamekuwa ya moto mno.

Demi mwenyewe hakuona haya. Kazi ilikuwa imemfundisha mambo ambayo hakuyaona katika kitabu chochote. Alijua kuifungua mashine ya aiskrimu alfajiri, kipande kwa kipande, na kuirudisha bila kubakiza hata mpira mmoja wa kuzibia mkononi. Alijua kumwambia msichana wa miaka kumi na sita kwamba fulana yake inanuka, na msichana asilie. Alijua kupanga zamu za wapenzi wawili walioachana wasikutane hata kwenye mlango wa choo. Alikuwa meneja wa zamu sasa, na watu waliomzidi umri kwa miaka mingi walimwita bosi, nusu kwa utani na nusu kwa kweli.

Aliyemwita kwa jina jingine alikuwa Pat Bloor. Pat alikuwa mwanamke wa karibu miaka sitini, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na dirisha la magari lilikuwa lake tangu mkahawa ufunguliwe. Kwake kila mtu alikuwa kipenzi, hata askari wa barabarani aliyewahi kumwandikia faini. Demi alipoanza kazi akiwa hajui kushika chupa ya sosi, Pat ndiye aliyemwonyesha, na tangu siku hiyo alimchukua kama mtoto wake.

Ulikuwa umebaki mradi wa mwisho, na bila mradi huo hakuna shahada. Sharti lake lilikuwa wazi: mwanagenzi atafute tatizo la kweli mahali anapofanya kazi, alitatue kwa wazo lake mwenyewe, kisha athibitishe kwamba limetatuka. Demi alichagua foleni ya magari.

Foleni hiyo ina saa yake. Chini ya lami, pale gari linaposimama kuagiza, umezikwa waya unaolihisi, na waya mwingine uko chini ya dirisha la kukabidhia chakula. Saa huanza gari linapogusa waya wa kwanza na husimama linapoondoka kwenye wa pili. Juu ya ukuta wa jikoni kuna skrini inayotoa hukumu kwa rangi. Kijani ni heri, njano ni onyo, na nyekundu maana yake ni kwamba makao makuu London wameshaiona kabla meneja hajamaliza chai yake.

Wazo la Demi lilikuwa kumwondolea Pat kazi ya vinywaji. Alihamisha mashine ya soda na birika la maji ya moto hadi upande wa pili, akamweka mtu mwingine huko, ili Pat abaki na kupokea na kukabidhi tu. Kwenye karatasi lilipendeza. Siku za mwanzo skrini ilikuwa nyekundu kutwa nzima. Demi alivumilia mpaka Ijumaa, kisha akaingia kwenye chumba cha baridi, akakaa juu ya kreti ya saladi na kulia.

Pat alikuja kuchukua maziwa akamkuta.

"Toka humo kipenzi, utaganda."

"Nitafeli, Pat. Mtu wa kwanza kwetu kwenda chuo, na wa kwanza kufelishwa na soda."

"Nani kasema unafeli?"

"Skrini."

"Skrini." Pat alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja mkwe asiyempenda. "Futa machozi. Hao watoto wa jikoni wakikuona hivi watadhani bei ya saladi imepanda tena."

Juma lililofuata skrini iligeuka njano. Baadaye ikawa kijani, na ikakaa kijani. Demi hakuamini. Alisimama chini yake kila zamu, akaandika, akachora grafu, akajaza kurasa za mradi. Aliandika kwamba watu walihitaji tu muda wa kuzoea mpangilio mpya. Aliweka hata aya nzima ya kumsifu Bogdan, ambaye alikuwa amekuwa mtu wa usafi ajabu, akitoka na mifuko ya taka kila baada ya dakika chache bila kuambiwa. Aliliita jambo hilo ari mpya ya kikosi.

Rukhsana Mirza, meneja mkuu wa mkahawa, alimwita ofisini.

"Mtahini wenu anakuja lini?"

"Bi Garside? Alhamisi ya juma lijalo."

"Ukipita, nafasi ya meneja msaidizi ni yako. Nimeshawaambia makao makuu, kwa hiyo usiniaibishe."

Demi alirudi nyumbani akiimba kwenye basi.

Kesho yake, Jumanne, mhadhiri aliugua, na darasa likavunjwa saa sita mchana. Lorraine alikuwa likizo. Gari lake lilikuwa kwa fundi, breki zimekwisha, lakini alikuwa ameazima la dada yake, gari dogo la bluu lenye harufu ya mbwa. Alimchukua binti yake mlangoni mwa chuo.

"Nina njaa," alisema. "Nipeleke nikaione hiyo foleni yako. Nimeisikia vya kutosha, sasa niile."

Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Stoke isiyo na haraka. Walipofika kwenye kipaza sauti, sauti ya Pat ilitoka: "Karibu kipenzi, nikupe nini?" Demi alijiziba mdomo asicheke. Lorraine alibana pua na kuagiza kwa lafudhi ya watu wa London: baga mbili, chipsi mbili ndogo na chai. Waliendelea mpaka dirishani. Pat hakuinua macho kutoka kwenye mashine yake ya kupokea malipo, na Lorraine alikuwa amejifunika kofia ya koti mpaka kwenye nyusi.

"Sogea mbele kipenzi, uzunguke nyuma, namba nne. Tunakuletea sasa hivi."

Demi aliacha kucheka.

Kuegesha gari kunaruhusiwa. Lakini kunaruhusiwa kwa oda kubwa, kwa mfano timu nzima ya mpira ikija na njaa, ili wengine wasizuiwe. Hakuruhusiwi kwa baga mbili. Gari likisogezwa nyuma linatoka juu ya waya, saa inasimama, na skrini inaamini mteja ameondoka na chakula chake.

Lorraine alizunguka nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka, mahali ambapo mtu aliye jikoni haoni kitu. Nafasi zote zilijaa isipokuwa namba nne, na magari mawili yalikuwa yamepanda kwenye nyasi.

"Hii ndiyo foleni uliyoimaliza?" aliuliza Lorraine.

"Ngoja kwanza, Mama."

"Nangoja. Naona na hawa wote wanangoja."

Kwenye nafasi ya pembeni alikuwapo fundi bomba katika gari lake la kazi. Alishusha kioo.

"Mmefika lini?"

"Sasa hivi tu," alisema Lorraine.

"Mimi nilikuja nikiwa kijana."

Lorraine alicheka mpaka akashika usukani. Demi alitazama mlango wa nyuma. Ulifunguka, na Bogdan akatoka amevaa koti la mvua, mkono mmoja umebeba mifuko ya chakula na mwingine mfuko mweusi wa taka. Aligawa huku na huku, akafika namba nne, akainama.

"Baga mbili, chipsi..." Akamwona Demi. "Profesa."

"Hizo taka unazipeleka wapi, Bogdan?"

Bogdan aliutazama mfuko mweusi kama mtu aliyeukuta mkononi kwa bahati mbaya.

"Hizi ni taka za kawaida."

"Ufungue."

"Umejaa hewa," alikiri Bogdan. "Kila siku ni hewa. Leo hata hukuwepo kazini, lakini mkono umeshazoea." Kisha akageuka kwa Lorraine kwa adabu. "Chai yako hii, mama. Samahani kwa kukuchelewesha."

Demi aliteremka kwenye mvua na kuingia kwa mlango wa nyuma. Pat alikuwa ameanza mapumziko yake, amekaa kwenye chumba cha wafanyakazi na chapati zake za oti alizotoka nazo nyumbani, zilizokunjwa na jibini na nyama ndani.

"Leo si siku yako," alisema.

"Nimeegeshwa, Pat. Namba nne."

Pat aliacha kutafuna. "Lile gari la bluu?"

"La mama mdogo."

"Chipsi zilikuwa za moto?"

"Usinibadilishie maneno."

Pat aliziweka chapati chini, akazifunika taratibu kwa karatasi yake, kama mtu anayefunika kitu ambacho hakitaliwa tena.

"Tulikubaliana wote," alisema. "Ile Ijumaa ulipolia, nilitoka mle na maziwa nikawaambia, huyu mtoto hafeli mbele ya macho yetu. Bogdan akasema atabeba. Mimi nikasema nitaegesha. Ilikuwa mpaka huyo mwanamke wa chuo aje na aondoke, basi. Watu wana redio kwenye magari, wana hita. Nani amekufa?"

"Nimeandika kitabu kizima cha uongo."

"Wewe hujadanganya. Wewe hukujua."

"Sasa najua."

Pat alitazama meza, na Demi, aliyekuwa ameingia na hasira, aliona zile chapati zilizofunikwa, hasira ikampotea kabla hajaitumia.

Alikwenda ofisini kwa Rukhsana. Dirisha la ofisi lilitazama mapipa ya taka na maegesho yote, na aliposimama mbele yake Demi alielewa kwamba hakuwa na habari mpya ya kumpa mtu.

"Ulikuwa unaona," alisema.

"Kila mkahawa unaegesha, Demi. Tunstall wanaegesha, Longton wanaegesha. London wanataka kijani, wanapewa kijani. Kaa."

Demi hakukaa.

"Sikiliza basi ukiwa umesimama," alisema Rukhsana. "Unaweza kunyamaza. Upite, upate nafasi yako, kisha tutengeneze mambo polepole wenyewe. Au unaweza kuliandika. Ukiliandika, mradi unasomwa na chuo na unasomwa na kampuni. Watamleta mtu hapa, na swali lake la kwanza litakuwa nani alikuwa dirishani. Unajua Pat ana onyo."

Demi alijua. Majira ya baridi yaliyopita Pat alikuwa akimpa uji wa bure mtu aliyelala kwenye kituo cha basi, mpaka mkaguzi akamwona. Onyo lile lilikuwa bado hai. La pili lingekuwa la kutoka.

"Sikuambii ufanye nini," alisema Rukhsana. "Nakuambia tu kilichopo mezani."

Usiku huo Lorraine naye alisema lake, akiwa jikoni anaosha vyombo. "Wamekupenda, hiyo ndiyo dhambi yao. Chukua shahada yako ushukuru."

"Na kazini je, Mama? Kesho niwe meneja msaidizi, niwaambie watu wasidanganye saa?"

Lorraine aliikausha sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mimi nabandika mishikio," alisema mwishowe. "Ukiubandika vibaya unaonekana sawa tu mpaka mtu ajaze chai. Basi fanya unavyoona, mradi usimchome Pat."

Hilo ndilo lililomnyima Demi usingizi. Kuhusu ukweli alikuwa karibu kuamua. Lakini hakujua ukweli huo unasemwaje bila kumpokonya kazi mwanamke aliyemfundisha kushika chupa ya sosi.

Jumatano asubuhi, kabla ya wateja wa chakula cha mchana, aliwakusanya watu wake wote.

"Kuanzia sasa gari haliegeshwi mpaka mimi niseme."

"Hata timu ya mpira?" aliuliza Bogdan.

"Timu ya mpira uniite."

"Tutakuwa wekundu mpaka wazima moto waje."

"Tutakuwa wekundu."

Pat alivaa hedifoni zake akaenda dirishani, mgongo umenyooka kama mtu aliyetukanwa kanisani.

Wakawa wekundu kweli. Demi alijaribu kusimama mahali pake pa siku zote, chini ya skrini, lakini hakustahimili kuitazama. Akaenda kusimama karibu na dirisha, bega kwa bega na Pat asiyemsemesha, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze mradi wake, akawatazama watu badala ya saa. Wakati wa mchana mpangilio wake ulifanya kazi vizuri. Soda zilifika kabla ya baga, na njano ilichungulia. Mambo yaliharibika watoto walipotoka shuleni. Wazazi wa pale hawakutaka soda, walitaka chai, na chai ya kule si chai ya kutiwa maziwa na mtu asiyekuona. Kila mmoja alitaka kikombe kiletwe wazi, aone rangi, aseme ongeza au inatosha. Mmoja aliitaka ya rangi ya tofali, mwingine ya rangi ya koti lake. Na birika, Demi alikuwa amelihamishia upande wa pili kwa mikono yake mwenyewe. Kila kikombe kilisafiri kwenda na kurudi mara mbili au tatu, na nyuma yake magari yalipanga mstari mpaka kwenye mzunguko.

Alicheka peke yake, kicheko cha uchungu.

"Nini?" aliuliza Pat. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Demi siku hiyo.

"Nimeliweka birika ng'ambo."

"Nilidhani ni mambo ya chuo," alisema Pat.

Alhamisi ya juma lililofuata, siku ya mtahini, ilipofika Demi alikuwa ameandika sura mpya, akaitia mwishoni mwa mradi. Hakulala vizuri. Bi Garside alikuja na mwavuli uliovunjika na mkoba mzito. Kabla ya kufundisha alikuwa ameendesha jiko la hoteli huko Blackpool, na bado alikuwa na tabia ya kupitisha kidole juu ya rafu anapopita. Walikaa ofisini, watatu, kwa sababu mwajiri hutakiwa kuwapo: Bi Garside upande mmoja, Demi wa pili, Rukhsana kwenye kiti chake kando ya dirisha.

"Grafu yako inapendeza," alianza Bi Garside. "Unajuaje kwamba ni wazo lako lililoleta kijani hiki?"

"Halikuleta," alisema Demi.

Bi Garside aliinua macho.

"Magari yalikuwa yanaegeshwa nyuma ili saa isimame. Nimegundua juma lililopita. Takwimu zote za kijani si za kweli. Kuanzia Jumatano ya juma lile tumepima bila kuegesha, na nimeeleza matokeo kwenye sura ya mwisho. Mchana wazo langu linasaidia kidogo. Jioni linaharibu, kwa sababu ya chai."

"Nani alikuwa anayaegesha?"

"Zamu ilikuwa yangu."

"Sikuuliza zamu ya nani."

"Najua, Bi Garside. Lakini nilikuwa meneja wa zamu, na kwa majuma yote hayo sikutoka hata mara moja kutazama maegesho ya mkahawa wangu. Nilikuwa natazama skrini. Nilimsifu mtu kwa kubeba taka, na mifuko ilikuwa mitupu. Watu wangu walifanya walichofanya kwa sababu waliniona nalia kwa ajili ya rangi. Kama kuna jina la kuandikwa hapo, liwe langu."

Bi Garside aligeuza kalamu vidoleni. "Kampuni inaweza isiridhike na jibu hilo."

Demi alikuwa amefika mwisho wa maneno aliyoyapanga, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Rukhsana alikohoa. Alikuwa amekaa muda wote mikono imefumbatwa, akitazama nje.

"Dirisha hili linatazama maegesho," alisema. "Nilikuwa nayaona kila siku nikinywa chai yangu. Sikukataza. Kwa hiyo kampuni ikitaka mkubwa wa kumuuliza, anaanzia kwangu, haanzii dirishani. Liandike hilo pia."

Demi alimgeukia. Rukhsana hakumtazama. "Usinikodolee macho," alisema kwa sauti ya chini. "Endelea na chai yako ya jioni."

Basi Demi akaendelea. Alieleza habari za vikombe vilivyo wazi na rangi ya tofali, na Bi Garside, ambaye hakuwa ameandika kitu kwa muda, akaanza kuandika.

Majibu yalikuja baada ya majuma mawili. Mradi haukupita. Hakufelishwa pia, alitakiwa kuufanya upya kwa takwimu safi, na joho alilotarajia kulivaa wakati wa kiangazi lilisogezwa hadi majira ya baridi. Nafasi ya meneja msaidizi haikuweza kungoja, ikapewa kijana kutoka Longton. Mtu wa makao makuu alikuja na kompyuta yake, akajifungia ofisini na Rukhsana asubuhi nzima, akaondoka bila kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Rukhsana alitoka ofisini na macho mekundu, akaagiza kuku wa viungo akamla mzima akiwa amesimama, na juma hilo lote hakuna aliyethubutu kumtania. Onyo la Pat lilibaki moja.

Lorraine alikuwa amekwisha kununua kofia ya mahafali. Alipoambiwa aliivaa hivyo hivyo kwenda kwa msusi, na msusi alipouliza sherehe lini, alisema, "Desemba. Binti yangu hakubali kazi mbovu," na safari hii hakulalamikia maji.

Aliyekuwa mgumu ni Pat. Kwa siku kadhaa aliongea na Demi maneno ya kazi tu: chipsi, sosi, risiti. Hatimaye, alasiri moja tulivu, foleni ikiwa imekatika, alivua hedifoni.

"Tulikupa zawadi, ukairudisha dukani," alisema.

"Ilikuwa nzuri, Pat. Haikunitosha tu."

"Hiyo nafasi ya meneja ilikuwa yako. Sasa yule wa Longton anakuja kutuambia tunyooshe kofia."

"Kofia yako imepinda kweli."

Pat aliigusa kofia, akaiacha vilevile. Nje mvua ilikuwa imepungua na wazazi wa kwanza walianza kuingia kutoka mzunguko. Mtu mmoja alikuwa amelirudisha birika kando ya dirisha siku ile ile baada ya Bi Garside kuondoka, na kila aliyeulizwa alidai si yeye.

"Huo mradi wa pili," alisema Pat, "unaanza lini?"

"Jumatatu."

"Na sisi unataka tufanye nini safari hii?"

"Kazi. Kama kawaida. Bila kunisaidia."

Pat alivaa hedifoni zake tena, akasogeza kikombe chini ya bomba la birika kabla gari la kwanza halijasimama. "Hiyo ni ngumu, kipenzi," alisema. "Lakini tutajaribu."